Risasi Tuliyoichagua Port Reitz

Nilikuwa koplo karani, kijana wa miaka ishirini na minne, nilipopewa daftari jipya na kuambiwa niandike habari ya kila risasi itakayopigwa. Kambi yetu ilikuwa Port Reitz, chini ya uwanja wa ndege, mahali ambapo maji yakitoka huacha tope gumu, tambarare, mpaka kwenye mikoko. Tulikuwa tumerudi kutoka Habeshi kupigana na Wataliano, na silaha tulizowanyang'anya zilikuja nasi marundo kwa marundo.

Kapteni wetu, Mzungu mrefu aliyebabuka uso kwa jua, alikuwa na jambo moja lililomkaa kichwani. Alisema kila jeshi linahitaji askari wachache wa kumpiga adui kutoka mbali, yadi mia nane, hata elfu moja, wale ambao siku hizi wanaitwa wadunguaji. Alitaka kujua watu hao wapewe bunduki ya risasi ya unene gani. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Aliomba ruhusa ya mazoezi ya kawaida ya shabaha, akapewa, na hayo mengine akayafanya chini ya jina hilo.

Mpigaji aliyemtaka alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Kwao na kwetu ni kule kule juu, safari ya nusu siku kwa miguu kutoka Changamwe, na tulikuwa waumini wa kanisa moja. Mimi nilisoma shule ya misheni nikapewa kalamu. Yeye hakusoma sana, lakini katika kikosi chetu hapakuwa na mtu aliyemfikia kwa shabaha. Alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kulala kifudifudi kupiga, alichomeka ufito wenye uzi wa katani ardhini, akautazama uzi ule mpaka aujue upepo. Kapteni alikuwa akitweta nyuma yake kwa kukosa subira, naye hageuki.

Tulianza na bunduki za Kitaliano. Ya kwanza ilikuwa na risasi nyembamba, milimita sita na nusu. Ilikuwa pole begani, ungeweza kuipiga tangu asubuhi hadi adhuhuri usisikie maumivu, na kwa yadi mia tatu au mia nne haikuwa mbaya. Zaidi ya hapo risasi ilianza kushuka, na ukiikosea masafa kidogo tu, inakwenda kuchimba tope. Ya pili, ya Kitaliano vile vile, risasi yake ilikuwa nene kidogo lakini nyepesi. Upepo wa maji uliichukua kama karatasi.

"Hii ni ya kupigania sokoni," shemeji alisema, nikacheka, na kapteni akauliza tunacheka nini.

Kisha tukajaribu ya Kijerumani, tuliyoipata huko huko Habeshi. Risasi yake ilikuwa nzito na ndefu. Kwa yadi elfu moja shemeji alitia risasi nne kati ya tano kwenye ubao. Akaishusha chini taratibu, akasema, "Afande, hii ndiyo."

Kapteni alitikisa kichwa. "Tuna kasha moja la risasi zake. Likiisha, nani atatuletea nyingine? Hitla?"

Ikabaki bunduki yetu wenyewe, ile tuliyoizoea sote, ya unene wa tatu sufuri tatu kwa vipimo vya Kiingereza. Mpaka yadi mia sita haikumwangusha. Kwenye mia nane risasi zikaanza kutawanyika. Hapo ndipo shemeji alipotoa shauri lake. Alisema bombomu kubwa za kikosi, zile za kumimina risasi mfululizo, zilikuwa na risasi za unene ule ule, ila zimechongoka nyuma, na yeye alikuwa ameziona Habeshi zikifika mbali kuliko hizi. Kapteni alikuwa anazijua, lakini hakuwa amezifikiria. Zikaletwa, shemeji akazipiga, na ubao wa yadi elfu moja ukatoboka pale palipotakiwa. Zilikuwa na moto zaidi na zingeula mtutu mapema, hilo tuliliandika pia. Lakini jibu lilikuwa limepatikana: bunduki yetu wenyewe, risasi zile, na darubini nzuri juu yake. Ilikuwa siku ya nne. Tungefunga daftari siku ile, nisingekuwa na habari hii ya kuandika.

Siku ya tano akaja meja kutoka makao makuu kisiwani. Kapteni alikuwa amemnong'onezea mambo yake kwa kutafuta sifa, na meja akaja na wazo la kwake. Aliamini kwamba risasi kubwa kuliko zote ndiyo itakayofika mbali kuliko zote. Stoo tulikuwa na bunduki ya kutobolea vifaru, ndefu kama mtu, risasi zake kama kidole gumba. Askari tuliiita Punda kwa jinsi ilivyopiga teke. Meja aliamuru hiyo ndiyo ijaribiwe, risasi ishirini kila asubuhi, wiki nzima.

Mlio wake siwezi kuueleza. Ndege waliruka kutoka mikokoni ng'ambo. Meja alisimama mbali na vidole masikioni. Kapteni alikuwa na pamba. Shemeji akaomba pamba naye.

"Ukiziba masikio," kapteni alimwambia, "utasikiaje amri?"

Akalala kifudifudi, akapiga. Kwa yadi mia nane risasi tano za Punda zilitawanyika upana wa mlango wa nyumba. Zilifika, ndiyo, zingefika hata mbali zaidi, lakini hazikufika zilikotumwa. Siku ya pili ya Punda nilikwisha kujua kwamba bunduki ile haikufaa kumlenga mtu mmoja. Kapteni alijua. Nadhani hata meja alijua, ila hakutaka kurudi kisiwani na wazo lililoshindwa. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari mkononi. Ningeweza kusema, "Afande, jibu limeshapatikana, tazama." Sikusema. Niliandika ishirini, kesho yake nikaandika ishirini.

Jioni ya siku ya tatu ya Punda tulikaa nje ya kibanda chetu, shemeji akaniambia, "Shemeji, sikio hili la kushoto linalia. Kama nyenze kaingia."

"Litanyamaza," nikamwambia.

"Na nisipolala upande huo halinisumbui," akasema, kana kwamba ananifariji mimi.

Sikio lilinyamaza kweli. Wiki mbili baadaye lilikuwa limekufa kabisa. Hakumwambia mtu ila mimi, kwa sababu alikuwa na utepe mmoja begani na hakutaka aonekane mgonjwa.

Basi mchana mmoja alikuwa zamu kwenye lango la stoo. Meja akaja kwa miguu kutoka upande wa kushoto, akamwamuru afungue. Shemeji alikuwa ametazama barabara ya uwanja wa ndege. Meja akaita mara ya pili, ya tatu. Hakugeuka. Mzungu yule akaona amedharauliwa mbele ya wapagazi waliokuwa wakishusha makasha. Shemeji alikamatwa pale pale kwa kosa la kudharau amri ya mkubwa.

Asubuhi ya kesi kapteni aliniita.

"Utaulizwa kuhusu mazoezi. Utasema nini?"

"Ukweli, Afande."

"Ukweli ni kwamba yalikuwa mazoezi ya kawaida. Daftari nimelichukua mimi." Akapanga karatasi zake mezani, halafu akasema bila kunitazama, "Jina lako nimelipeleka juu. Usajini."

Kesi ilikuwa katika chumba cha ofisi, meza moja, wakubwa watatu. Shemeji alisimamishwa, akajitetea kwamba hakusikia, sikio limeuawa na ile bunduki kubwa; mimi nikawekwa kushoto kwake. Waliniuliza kama mshitakiwa alipiga bunduki kubwa kupita askari wengine. Nikajibu alipiga kama wengine. Wakaniuliza kama aliwahi kulalamika juu ya masikio.

"Sikuwahi kusikia, Afande," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na nilikuwa upande wa sikio bovu.

Akavuliwa utepe. Akapewa siku arobaini za kifungo na kazi ngumu, kisha kufukuzwa jeshini na cheti kilichoandikwa tabia mbaya. Walipokuwa wakimtoa, alipita karibu nami akauliza kwa midomo tu, "Umewaambia?" Nikainamisha kichwa kukubali. Akanishika mkono. "Ahsante, shemeji. Umejaribu."

Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya makao makuu. Mimi ndiye niliyeifungua, sajini mpya. Walisema unene wa risasi hautabadilika, jeshi litaendelea na ule ulioko, na kwa masafa marefu ipo faida ya kutumia risasi za bombomu. Yaani yale yale aliyosema shemeji siku ya nne. Bunduki chache zenye darubini zikaletwa, wakapewa Wazungu. Sisi tukapakiwa melini kwenda Bama, huko Asia, tukapigana na Wajapani ndani ya misitu ambayo mtu haoni hatua thelathini mbele yake. Kule sikumsikia mtu akiuliza habari za yadi elfu moja.

Niliporudi vita vimekwisha, nilipata kazi ya ukarani hapo hapo Port Reitz. Shemeji hakuwa amepata kitu. Kwa cheti kile alikuwa amekataliwa kazi bandarini, reli, na kwenye matangi ya mafuta. Akamchukua dada wakahamia Kiembeni, siku hizo vichaka na mashamba, na vijumba vichache vilivyokaribiana, akalima mihogo ya watu. Dada hakukanyaga kwetu tena. Mama alidhani ni kwa sababu ya aibu ya mumewe. Mimi nilijua. Askari aliyelinda mlango wa kesi alikuwa ameoa, na mkewe alichota maji kisima kimoja na dada.

Jumapili moja nilikwenda, nikasali kwanza katika kanisa la huko huko. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Dada alinikaribisha bila kuniita kaka. Shemeji alikuwa uani akimenya mihogo, akanyanyuka kwa furaha, akanisalimu kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia wenyewe. Nyumba jirani zilikuwa karibu, na watu walikuwa nje wakipumzika, wengine nimetoka kuwaona kanisani.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi."

"Ati?"

"Nimekuja kuomba radhi."

Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia, akaliwekea kiganja. "Sema kwa nguvu, shemeji. Hili nalo siku hizi limechoka!"

Majirani wakatutazama. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Yeye alikuwa amesikia mara zote mbili. Alisubiri.

"Nimekuja kuwajulia hali!" nikapiga kelele.

"Aa! Sisi wazima!" Akacheka, akanipigapiga bega.

Dada akaliweka sinia mbele yangu. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo mumewe hakuweza kuisikia, "Kula, sajini." Akaingia ndani.

Nilikula. Shemeji alikaa kunitazama, kisha akakumbuka jambo, uso ukamng'aa.

"Hebu niambie! Yale majaribio yetu, mwishoni wakubwa walichagua ipi?"

Hilo nililijibu kwa nguvu, majirani wote wakasikia. "Ile ile uliyosema wewe! Yetu, na zile risasi za bombomu!"

"Nilimwambia kapteni!" Alisimama kabisa. "Si nilimwambia? Wewe si ulikuwepo, ukaandika?"

"Niliandika!"

Akanisindikiza mpaka barabarani, huku akiwaeleza majirani tuliowapita jinsi risasi iliyochongoka nyuma inavyoshinda upepo, na kwamba shemeji yake huyu ni shahidi. Wakamwitikia kwa vichwa. Dada hakutoka kuniaga.

Sikurudi nyumbani kwa shemeji tena mpaka siku ya maziko yake.