Kochi Lililokwama Mlangoni

Wapangaji nimeona wengi katika vile vyumba vyangu vya Homa Bay: walevi, wafuga kuku chumbani, wapiga wake zao. Wa kumdharau kwa moyo wote ni mmoja tu, karani fulani, mzee wa kanisa. Miaka hiyo ya tisini karani alijiona waziri. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Huyu alipopandishwa cheo alimwita fundi amtengenezee kochi la watu wanne humo humo chumbani, eti nje majirani wangelikalia kabla yake. Mlango hakuupima. Kichwa maji!

Akapata uhamisho wa Migori. Nilishukuru, maana chumba nilikihitaji. Mama yangu alikuwa anatoka Karungu na kidonda kibaya mguuni, ameambiwa akae karibu na hospitali, na kwangu watoto walilala hadi jikoni. Alikuwa anafika siku ile ile karani anayohama.

Nafika pale kuchukua ufunguo, nasikia gubu! gubu! Bwana mkubwa amevua shati, ameshika mtaimbo, anabomoa ukuta wangu. Fremu ya mlango imelala uani, udongo na plasta vimetapakaa, na kochi limetoka nusu likakwama kwenye nguzo.

"We bwana, una akili kweli?"

"Usijali, mama. Nikifika Migori nitatuma fundi."

"Si ukate hilo kochi?"

"Nikate?" Alishtuka kweli kweli. "Hii ni mvule, mama!"

Kumbe kochi lake ni mvule, nyumba yangu ndiyo ilijengwa kwa mate! Nilimtukana mpaka majirani wakatoka, naye akaendelea kugonga.

Mama akafika, amebebwa kwa baiskeli. Aliangalia lile shimo, akaniangalia mimi.

"Mama, chumba ndicho hicho," nikasema, na machozi ya hasira yakanitoka.

Alijikongoja na fimbo yake, akakaa kwenye ile nusu ya kochi iliyokuwa nje, akaupandisha mguu mbovu juu ya mto.

"Nimefika," akasema.

"Dani, bibi yangu, tafadhali simama. Gari linangoja," karani akamsihi.

"Linakungoja wewe. Mimi siendi Migori."

Nani angemvuta bibi kizee mgonjwa mbele ya watu? Si mzee wa kanisa. Alimzunguka, akajipangusa jasho, akamwita dani mara ya pili kwa sauti tamu zaidi. Dereva alipochoka kupiga honi, karani akaondoka na sufuria zake.

Majirani walinisaidia kulisukuma kochi ndani. Tulitundika blanketi mlangoni, na kesho yake nikauziba ukuta mwenyewe kwa udongo. Fundi wa Migori sijamwona hadi leo. Mama alilala kwenye kochi lile mpaka akafariki, mwaka huo huo.

Karani alikuja matangani. Nikasema moyoni, kumbe ana utu kidogo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," akasema, huku anachungulia ndani nyuma ya bega langu. "Na lile kochi sasa linakaliwa na nani?"