Miezi saba nilimwambia mzee "vizuri" kwenye klabu yetu ya kurusha mshipi, mwisho akaacha kuja

Wakuu, amani iwe kwenu. Naandika kutoka Bujumbura, kwa hiyo mkikuta Kifaransa kimejipenyeza mnivumilie, ndivyo tunavyoongea huku. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana mmoja wao ana mtoto humu jukwaani.

Kwanza niwaeleze fly casting, najua wengi hamuijui.

Ni uvuvi wa fimbo nyepesi. Chambo ni nzi bandia wa manyoya, hana uzito kabisa, huwezi kumrusha kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Unaupeleka nyuma, unasimamisha mkono, unangoja unyooke mgongoni kwako, ndipo unauleta mbele.

Hapo kwenye kungoja ndipo watu wanapofeli. Ukiwahi, mshipi wote unakuangukia miguuni kama tambi.

Mimi niliwahi kuwa dereva wa mzungu mmoja aliyependa mchezo huu. Mkataba wake ulipoisha akaniachia fimbo nne. Nikaanza kufundisha majirani, mara tukawa klabu. Sasa tuko kumi na mmoja.

Tunakutana Jumamosi saa tano, kazi za jamii za asubuhi zikishaisha. Ijumaa Waislamu tuko msikitini, Jumapili wenzetu wako kanisani, kwa hiyo hatuna siku nyingine. Mahali ni kiwanja cha nyasi kule Kibenga. Ufukweni mwa ziwa hatuendi kufanyia mazoezi, viboko wanapapenda kuliko sisi. Tunafunga kipande cha uzi wa sufu mwekundu badala ya ndoano, tunalaza tairi la baiskeli kwenye nyasi, kila mtu anajaribu kuangusha sufu ndani.

Uwezo wa watu umepishana vibaya sana. Kuna Désiré, anafanya kazi benki, anarusha mpaka unasahau kumkosoa. Kuna Dada Goreti wa Musaga, mtumishi wa serikali, alianza akiwa hajawahi kushika hata fimbo ya kuchungia mbuzi.

Halafu kuna Baba Mdogo Yusufu.

Si ndugu yangu wa damu. Ni rafiki wa marehemu baba yangu, fundi magari, garage yake iko Cibitoke. Alisimama kwenye harusi yangu pale ambapo baba angesimama. Ana mikono mnaweza kudhani ilizaliwa na spana.

Na hiyo mikono ndiyo ilikuwa tatizo. Anarusha kwa nguvu. Hangoji.

Sasa wakuu, mimi nikifundisha mdomo wangu si mzuri, nakiri. Désiré nilikuwa namuuliza kama anafukuza nyuki. Goreti nilimwambia kiwiko chake kimetoroka, akatoe taarifa polisi. Watu wanacheka, anayekosolewa ananuna kidogo, wiki ijayo anakuja akiwa bora.

Kwa Baba Mdogo nilikuwa nasema, "Vizuri, mzee wangu. Polepole utafika."

Ningemwambiaje mzazi kwamba anakosea, mbele ya watu, tena mbele ya wanawake? Huku kwetu ukifanya hivyo unaambiwa hukulelewa.

Basi. Tukapanga safari yetu ya kwanza ya kuvua kweli, kule kusini kwenye mawe, ambako maji ya ziwa ni meupe. Nikaweka sharti: kila mmoja anarusha mara tano, anayeingiza sufu kwenye tairi mara tatu atakwenda na fimbo. Wengine watakuja kutazama na kusaidia jikoni.

Baba Mdogo alikuwa ameshamwambia mkewe aandae mafuta ya kukaangia. Pale msikitini kila mtu alijua fundi anakwenda kuleta samaki.

Goreti, waliyeanza naye wiki moja, aliingiza nne.

Baba Mdogo hakuingiza hata moja. Ya tano mshipi ulimzunguka shingoni, Désiré akaenda kumfungua. Hakuna aliyecheka.

Mimi nikaona nimwokoe. Nikasema kwa sauti, "Baba Mdogo atakuja kama mgeni wetu wa heshima! Tutamwekea kiti kivulini."

Watu wakapiga makofi. Yeye akatabasamu, akasema asante mwanangu, akafuta fimbo kwa kitambaa, akaniletea.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikapiga simu, mkewe akasema yuko kazini. Ya tatu pia hakuja, na safari ikawa imebakiza wiki tatu.

Nilijipa sababu. Umri, jua, wateja. Kumbe Goreti alikuwa ananitazama tu. Siku hiyo tunakusanya vifaa akaniambia, "Kocha, we ndiye umemufukuza mzee."

Nikamuuliza kwa lipi, mimi niliyempa kiti cha heshima?

"Mi ulinisema mpaka nikafika nyumbani nikalia. Lakini nimejua kurusha. Yeye ulimufundisha nini?"

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwambia yeye hajui adabu ya Waislamu na wazee wao. Akabeba mkoba wake akaondoka. Lakini njia nzima nilikuwa natafuta siku hata moja niliyomweleza Baba Mdogo kosa lake, na siku hiyo haikuwepo.

Jumatatu nikaenda Cibitoke.

Nilimkuta ameinama kwenye injini. Akaniitikia salamu bila kuinua kichwa. Nikaanza maneno yangu: tumekukumbuka, klabu haina baraka bila wewe, kiti chako kipo. Hapo kwenye kiti ndipo akainuka.

"Abedi," akasema, "mu garage hii nimefundisha batu wengi. Unajua ni nani sikaripiagi?"

Nikasema sijui.

"Sikaripiagi ule ambaye nimeisha kumukatia tamaa. Ule najua hatakuwa fundi. Namuambia vizuri, vizuri, kisha namupa ndoo aoshe magari. Miezi saba we unaniambia vizuri. Wenzangu wote unawakaripia. Mi si mupumbavu, mwanangu. Nikajua basi, nimeisha pewa ndoo."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Nikajitetea kwamba ilikuwa heshima. Akatikisa kichwa.

"Apana. Baba yako alinikaripia miaka ishirini, mbele ya batu, na siku alikufa nililia kama mutoto. Ile ndiyo heshima. Yako we ni kuogopa."

Ni kweli. Niliogopa watu wasiseme mtoto wa fulani hana adabu. Nilikuwa nailinda sura yangu, na yeye ndiye aliyekuwa analipia. Niliona haya, nikamwomba msamaha nimesimama katikati ya matairi. Akasema msamaha ameupokea, ila kurudi atarudi kwa sharti moja: nimseme kama ninavyowasema wengine, na palepale mbele yao.

Jumamosi akaja. Akasimama kwenye mstari kama kila mtu. Akarusha, na mshipi ukaanguka miguuni kama kawaida.

Kiwanja kizima kikanigeukia. Kumkosoa Désiré mara mia ni rahisi kuliko kumkosoa mzee huyu mara moja.

"Baba Mdogo," nikasema, "unakosea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mtu mmoja akaguna nyuma. Baba Mdogo akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Nikamwambia hangoji, anavuta mshipi kama anafungua boliti iliyoshika kutu. Nikamwambia ageuze shingo autazame mshipi ukinyooka nyuma, na asithubutu kuuleta mbele kabla hajauona. Alipowahi tena nikamuuliza anakimbilia wapi, kuna mteja? Goreti akawa wa kwanza kucheka, halafu Baba Mdogo mwenyewe, halafu wote.

Mpaka alasiri alikuwa ameingiza moja. Jumamosi iliyofuata akaingiza tatu, kwa sharti lilelile la wote. Sikumpunguzia hata kidogo, na nilipohesabu ya tatu machozi yalinilenga.

Tukaenda kusini. Désiré alipata wawili, Goreti mmoja. Baba Mdogo alisimama kwenye jiwe lake toka asubuhi mpaka mchana na hakupata kitu.

Tunapakia vitu, mkewe akapiga simu kuuliza kama aweke mafuta jikoni. Nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Apana, samaki sikupata," akamwambia, sauti imejaa furaha. "Lakini sikiliza, leo Abedi amenikaripia mara nane."

Nilichojifunza: ukimwacha mtu na kosa lake kwa sababu ni mkubwa wako, hujamheshimu, umemwacha peke yake. Njia ya kumwambia ipo, ila lazima ukubali kuonekana mbaya kidogo.

Goreti nilimwomba radhi pia. Alisema amekubali, ila kiwiko changu mwenyewe siku hizi kinatoroka.

Ninyi wenye madarasa, timu, kwaya, garage, huwa mnawaambiaje wakubwa wenu ukweli? Nipeni uzoefu. Na kama humu kuna mahali nimekosea, msiniandikie "vizuri mkuu".