Nozeli ya Nne na Maziwa ya Mama Hawo

Leo nusura niaibike mbele ya gereji nzima kwa sababu ya harufu ya maziwa.

Mama Hawo huleta maziwa Garsen kwa pikapu kuukuu ya dizeli. Wateja wakaanza kulalamika kwamba yananuka moshi.

Sasa, vibuyu vyake huvifukiza mwenyewe kwa moshi wa kuni, na ndio utamu wake. Huu ulikuwa moshi mwingine, wa dizeli ya pikapu.

Nikamtafutia nozeli nne mpya, zile ncha zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Nikazipima moja moja kwenye mashine, nikipampu kwa mkono mpaka dizeli itoke laini kama ukungu. Presha zote sawa. Nikazifunga, nikamwambia kwa maringo, "Mama, hii imepona."

Nikawasha.

Wingu jeusi likamfunika mpaka mtandio.

Mafundi wenzangu wakaacha kazi kuniangalia. Mimi ndiye mwanamke pekee pale, mnajua wanavyoisubiri siku kama hii.

Nikafungua upya, nikasoma namba zilizoandikwa kwenye nozeli. Tatu ni za injini hii. Ya nne ni ya injini nyingine kabisa, ila kwa macho zinafanana. Nilipima presha nikasahau kusoma. Semeni kama hamjawahi.

Dukani wakanibadilishia. Nikaipima, nikafunga, nikawasha.

Mama Hawo akainama kwenye ekzosi, akanusa. Akafungua kibuyu, akanusa tena.

Kisha akanimiminia kikombe. "Kunywa, mwanangu. Moshi uliobaki ni wangu."

Wale mafundi waliokuwa wakinikodolea macho, najua mnasoma hapa. Kibuyu kimeisha, msije kuomba maziwa.