Mkono wa Kulia wa Baba

Nikisikia harufu ya mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakikamuliwa, kifua hunibana.

Ushirika uliokuwa ukikamua alizeti ya kijiji ulipokufa, baba alinunua mashine ya kukamua mafuta kwa mkono. Kila aliposukuma mpini, misuli ya kifua ilijikunja na kuvuta mikono mbele ya kifua. Siku moja msuli wa kulia ulichanika, nikausikia kama khanga inayopasuliwa. Mkono ukabaki unaning'inia.

Mama alimfunga mashudu ya moto kifuani. "Baba watoto, pumzika."

"Na hawa wenye magunia ya alizeti mlangoni?" Akanigeukia mimi bintiye. "Njoo, mama. Simama huku kulia."

Nje wenzangu waliniita tukacheze mpira wa rede. Niliegemeza kifua kwenye mpini, nikasukuma. Mafuta yakatoka.

"Kumbe unaweza," baba alisema, na hapo nikajua sitatoka.