Mti Mmoja wa Kila Aina

Nakumbuka siku moja ya Oktoba, mwanangu, nilipomwonyesha shangazi kilima chetu cha Kilolo nikijiona mjanja. Dada huyo wa marehemu baba aliniachia kilima kwa sharti moja: aina ya mti isipotee hata moja. Nilikubali haraka, maana kupatana bei ndiyo kazi yangu, na upenyo nilishauona. Alitaja aina, hakutaja wingi. Nikafyeka, nikapanda misindano, ile misonobari ya mbao, kila mahali, nikabakiza mkuyu mmoja, mkusu mmoja, mzambarau mwitu mmoja, hivyohivyo mpaka aina zote zikatimia. Misindano ilipokua, nilihesabu mara mbili.

“Kamwene, shangazi,” nilimsalimu kwa Kihehe. “Zilikuwa aina kumi na moja. Kwa msindano ni kumi na mbili. Nimekuongezea.”

“Ukitembea humu umefumba macho, utagonga mti gani?”

“Msindano.”

“Ukigonga tena?”

“Msindano, shangazi.”

“Basi una mti mmoja. Hiyo mingine umeiweka nije kuitazama.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki hiyohiyo jirani wa bondeni alichoma shamba lake. Zamani moto ukipanda kwetu ulikutana na mikuyu mibichi, ukachoka. Safari hii kila msindano uliukabidhi moto kwa ndugu yake. Nyumba ya shangazi ilikuwa juu kileleni, na miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Nilimbeba mgongoni, nikateremka naye upande wa pili hadi kwenye vinyungu, zile bustani zetu za bondeni zenye unyevu. Tulikaa ndani ya tope, tukisikia miti ikipasuka, kila mlio karibu kuliko uliotangulia. Yeye alinishika sikio kama mtoto, akanong’ona, “Sasa hesabu.” Sikuweza hata moja.

Upepo uligeuka wenyewe. Ujanja wangu haukuchangia kitu. Nyumba ilipona. Mkuyu wangu mmoja uliungua, na hapakuwa na mwingine wa kuangusha mbegu; mkusu, mzambarau na mingine yote hali kadhalika. Aina kumi na moja nilizozilinda kwa maneno ziliondoka alasiri moja.

Sasa nasikia unataka kujaza parachichi bonde zima, ubakize mti mmoja wa kila aina. Mwanangu, naogopa, na bado nanusa moshi ule. Usiulize tu aina ni ngapi. Uliza kila moja ina wenzake wangapi. Panda parachichi, lakini miti mingine nayo iwe mingi, isiwe ya kuonyesha wageni.

Mungu akupe bonde lenye vivuli vya kila namna, na usije ukambeba mtu wako ukikimbia ulichokipanda mwenyewe.