Mwalimu Aliyeomba Kuimbiwa Tena

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Ilikuwa siku ya ngoma, kiangazi, mtama ukiwa ghalani na pamba imeshapelekwa kinuni. Nilikuwa kijana mwembamba mwenye suruali moja ya kaki, niliyoipata nilipokuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, na kichwani nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nywele. Kubwa kuliko zote ilikuwa kutunga wimbo utakaoimbwa toka Shinyanga mpaka Masumbwe, watu waseme huyu Mabula ni mtunzi. Usicheke. Wewe nawe unazo zako, nazijua.

Lakini siku hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mwalimu Luhende, kwa hiyo ngoja nikueleze kwanza habari zake.

Alitufundisha katika shule ya kijiji, banda la nyasi lenye ubao mmoja. Mimi niliishia darasa la nne, lakini madarasa hayo yote niliyapata mikononi mwake. Alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Ukikosea jibu hakukimbilia fimbo. Alikuinamia, akakwambia, "Rudia. Nataka nijue ulipopotelea." Basi unalirudia lile kosa lako, naye ameinamisha kichwa kama mfugaji anayesikiliza pumzi ya ndama mgonjwa, mpaka apaone. Tulimwita Mwalimu Rudia, akiwa mbali lakini.

Mtu huyo, mtoto wa mchunga ng'ombe, tukasikia ameteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam. Sijui nikuelezeje tulivyoshangaa. Tulikuwa chini ya Mwingereza wakati ule, na sheria zilitushukia kama mvua ya mawe. Hatukujua kama kuna nyumba zinamotengenezwa, wala hatukudhani mtu anayekula ugali wa mtama kama sisi anaweza kuingia humo akavuta kiti akakaa. Tulimsindikiza kwa baiskeli mpaka stesheni ya Shinyanga. Alivaa koti la kuazima, mikono yake imelizidi. Gari moshi lilipoondoka naye, mimi nilisimama pale nikaona kama kijiji chetu chote kimepanda.

Tulimtuma kitu kimoja tu. Serikali ilikuwa imeamuru ng'ombe wapunguzwe, ikisema wamezidi na ardhi inachakaa. Kila kaya ilipangiwa ng'ombe wa kupeleka mnadani, ipende isipende, kwa bei atakayoitaja mnunuzi. Asiyepeleka alifuatwa na askari wa mtemi. Na kwa Msukuma, mwanangu, ng'ombe ndiye mahari ya mwanao na maziwa ya mjukuu wako, ndiye unayemtazama mwaka wa njaa ukapata moyo. Tukamwambia Mwalimu: kasimame huko, amri hii iondoke.

Sasa aliporudi kutoka kikao chake cha kwanza, ndiyo ikawa siku ile ya ngoma. Habari za kikao hatukuwa nazo. Lakini mimi nilijiambia, mtu kama yule atashindwaje? Nikatunga wimbo kwamba Mwalimu amewakemea wakubwa, amri imefutwa, ng'ombe warudi zizini. Niliufanyia mazoezi nikiwa peke yangu shambani mpaka kunguru wakauzoea.

Ngoma zetu unajua zinavyoshindana. Bagalu, ndio sisi, upande huu wa uwanja. Bagika upande ule. Ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja na watazamaji wanakwenda wanakopendezwa. Mwamuzi hakuna, miguu ya watu ndiyo inayoamua. Kiongozi wetu alikuwa amefukia dawa ya mvuto katikati ya uwanja tangu alfajiri, akatuhakikishia kwamba leo hata mbuzi watakuja kwetu.

Mara Mwalimu akatokea juu ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, lile koti limefungwa nyuma ya kiti. Nikaanza wimbo wangu pale pale. Mwanangu, watu walimiminika. Walitoka kwa Bagika mbio, wazee wakatupa fimbo juu, kina mama wakapiga vigelegele. Nikaona ndoto yangu imeshuka, imesimama mbele yangu na miguu yake.

Mwalimu akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Mabula," akasema, "nani kakwambia amri imefutwa?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeona tu kwa akili yangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawageukia, "Mwadila, baba zangu. Mwadila, mayu zangu." Wakaitikia salamu. "Nilisimama, nikasema. Wakanishinda. Amri iko vilevile."

Uwanja mzima ukapoa. Kisha mtu mmoja huko nyuma akauliza, "Sasa ulikwenda kufanya nini, kula wali?"

Kiongozi wetu akamsogelea Mwalimu, akanong'ona, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Mwalimu, tuachie hata leo tu. Tunashindana hapa. Na wewe ukisema hivyo utabaki na nani?"

"Wakiuimba leo," Mwalimu akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia, "kesho hawatapeleka ng'ombe, na keshokutwa askari atakuwa mlangoni. Huyu Mabula atawatoa mahabusu kwa wimbo?"

Nikatazama miguu yangu. Na miguu ya watu nayo ikaanza kusogea. Walituacha taratibu, mmoja mmoja, halafu makundi. Dawa ya kiongozi wetu sijui ililala saa ngapi. Mwalimu alisimama pale akiwatazama wanavyoondoka, wale wale waliomsindikiza stesheni, na hakumwita hata mmoja arudi.

Walikwenda kwa Mama Shija. Huyo alikuwa mjane, ndiye mtunzi wa Bagika, ulimi wake ukikupitia unajishika kuona kama umebaki mzima. Na siku hiyo alikuwa na lake moyoni, maana ng'ombe wake aliyemwita Milembe alikuwa amekwisha kupelekwa mnadani. Akapaza:

*Tulimtuma mwana wa shule,*
*kala wali wa pwani akatusahau.*
*Milembe kaenda mnadani analia,*
*Shija wangu ataoa kwa ng'ombe gani?*

Watu wakaangua kicheko, wakadakia. Mwalimu akavuka uwanja. Sisi tukafikiri amekasirika, nami nikamfuata nyuma, kama ni kupigwa tupigwe wote. Watu wakampisha mpaka akasimama uso kwa uso na Mama Shija. Mama yule hakurudi nyuma hata hatua. Alimwimbia usoni, anatikisa manyanga karibu na pua yake, mpaka mwisho.

Mwalimu akainamisha kichwa. Mwanangu, nilikijua kichwa kile. Ndivyo alivyokiinamisha darasani.

"Mayu," akasema, "rudia."

Mama Shija akashika kiuno. "Nirudie kukutukana?"

"Rudia ule wa Milembe. Nataka nijue alivyolia."

Akarudia. Lakini safari hii sauti haikuwa ile ya kutania. Alipofika kwenye jina la Milembe ikakatika, akaacha kuimba, akaanza kusimulia. Akasema Milembe alipofungwa kamba aligeuza shingo kutazama zizini, maana ndama wake alikuwa ndani na bado ananyonya. Akasema walimvuta akatembea ameikunja shingo vile vile mpaka kwenye kona ya njia, na maziwa yanamdondoka.

Mwalimu akasema, "Mimi kule nilisema ng'ombe ni uchumi wa watu. Nilisema vizuri sana, kwa maneno ya vitabuni. Hili sikulisema, sikulijua. Nipe wimbo wako niende nao."

"Na tusi lake?"

"Na tusi lake."

"Na wali wa pwani?"

"Wali nilikula kweli, mayu. Ulikuwa na nazi."

Hapo Mama Shija akacheka huku anafuta macho, na watu wote wakacheka naye. Mwalimu akaketi chini kwenye vumbi, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akaanza kuufuata ule wimbo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikosea, mama anamsimamisha: "Umeruka hapo. Rudia." Naye anarudia. Ngoma zetu za Bagalu zilikwisha kunyamaza zenyewe. Wapigaji walikuja na fimbo zao mikononi, wakasimama pamoja na Bagika. Nimecheza ngoma miaka mingi, sijaona tena uwanja ambao watu wote walikuwa upande mmoja.

Alirudi Dar es Salaam, akasimama tena. Alitusimulia baadaye kwamba alipomtaja Milembe na ndama wake, kuna mkubwa mmoja aliweka kalamu chini akamwomba arudie. Akarudia. Amri haikuondoka siku ile. Ilikwenda ikilegea polepole, mpaka msimu mmoja tukaona askari hawaji. Sikudanganyi kwamba ni wimbo ulioiondoa. Wengi waliisukuma, kila mahali, na Mwalimu akiwa mmoja wao kwa muda wote alioketi katika baraza lile. Ila najua kwamba Shija alioa, na ndama wa Milembe, aliyekwisha kuwa ng'ombe mzima, alikuwamo kwenye mahari. Niliimba kwenye harusi hiyo. Wimbo mfupi, wa mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Basi, mwanangu, nasikia nawe wanataka kukusimamisha uwe msemaji wa watu. Nimefurahi, tena sana. Nakuomba tu usiwape watu habari njema ambayo haijatokea, hata kama wanakushangilia, kwa sababu wewe utakwenda zako na wao ndio watakaogongewa mlango na askari. Ukishindwa, sema umeshindwa wakiwa bado wamekuzunguka. Wakiondoka, wafuate huko waliko. Na atakayekuimba vibaya usimtafutie jibu, msogelee umwombe arudie, maana ndani ya tusi lake kuna ng'ombe wake aliyechukuliwa, na wewe humjui jina.

Mungu akupe masikio ya Mwalimu Luhende, ng'wanone, mwanangu. Akupe shingo ya kuinama na koti usiloogopa kulichafua. Popote utakapotumwa, ufike ukiwa na sauti zetu, na urudi nyumbani ukiwa na kweli. Wabeja kwa kunisikiliza. Sasa nenda, mvua isikukute njiani.