Chiriku wa Kijani Kwenye Roshani ya Mama Leokadia

Je, unamjua kwa jina ndege anayekufa nje ya dirisha lako? Mimi nilimjua, kwa hiyo sina kisingizio. Mama Leokadia hakumjua, na yeye ndiye aliyemlisha kila siku kwa miaka miwili.

Mama Leokadia anaishi ghorofa ya pili, Hässelby, huku Uswidi, karibu na kituo cha mwisho cha treni. Alitoka Bukoba mwaka 1991 kuja kusomea upishi wa hospitali, mafunzo ya miezi tisa. Akakutana na Anselmo, mchomeleaji kutoka Songea aliyekuwa na kazi Södertälje, na miezi tisa ikageuka maisha. Kwa miaka ishirini na sita alipika uji, supu na viazi kwenye nyumba ya wazee. Mpaka leo anakumbuka nani hakutaka chumvi na nani alitaka viazi vipondwe, ingawa wote walishakufa. Ukiingia kwake unawekewa chakula kabla hujaulizwa shida yako.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha Mzee Anselmo. Upande wa kulia ulikufa, maneno yakapotea. Lilibaki moja tu: "Yule." Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, uso kifuani, haangalii kitu. Mimi, mgeni wao wa mara kwa mara, nilikuwa nasoma biolojia chuo kikuu; mwaka uliofuata nikawaletea sahani ya mbao ya kulishia ndege, nikaifunga mwenyewe kwenye roshani. Walipotua chiriku wa kijani, ambao Waswidi huwaita grönfink, Mzee aliinua uso, akainua na kidole cha kushoto, akasema, "Yule." Mama Leokadia alikwenda kulilia jikoni. Tangu siku hiyo alizeti haijawahi kukosekana kwenye ile sahani.

Jumamosi moja ya Novemba nilipita kuwasalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, usiniletee tope. Njoo uone, Lameck, wamenizoea. Nafungua mlango hata hawashtuki."

Kwenye sahani alikaa chiriku mmoja, manyoya yamemtutumka kama mpira wa sufu. Alitafuna mbegu, mbegu ikamdondoka. Akaokota nyingine, ikamdondoka pia. Manyoya ya kuzunguka mdomo yalikuwa yamelowa.

"Mama, huyu hajakuzoea. Huyu anaumwa."

"Mgonjwa gani anakula namna hiyo?"

"Huyu hali, anatafuna tu. Koo limeziba, hawezi kumeza. Hakimbii kwa sababu hana nguvu."

Akanitazama. Nikamweleza kuhusu kijidudu kinachokaa kooni, na jinsi mgonjwa anavyoacha mate kwenye mbegu na mwenzake akaja kuzila. Nikamwambia kwamba pale wanapolishwa wengi pamoja ndipo ugonjwa unapoenea.

"Kwetu tunakula sinia moja watu kumi, na hatufi."

"Watu hawatemi kwenye sinia, mama."

"Hujawaona wajomba zangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Si wewe uliyeniambia ni ndege wa kawaida? Nilipojisifu wanakuja kwangu, ukasema wamejaa kila mahali."

Nilisema hivyo, kweli. Na ndilo neno linalonichoma. Kawaida! Katika orodha ya dunia nzima ya viumbe walio hatarini, chiriku huyu ameandikwa kwamba hana tatizo. Katika orodha nyekundu ya Uswidi ya mwaka 2020 ameandikwa kuwa yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, ndege ambaye bibi za Waswidi walimwona kila asubuhi. Tunamlilia tembo na chui kwa sababu wanapendeza kwenye mabango. Wa kawaida anakwisha taratibu, uani kwetu, na tunamwita wa kawaida mpaka siku tunapogundua hayupo. Mimi nilisomea mambo haya. Nilipoifunga ile sahani nilijua ugonjwa upo, na nilijua sahani inatakiwa kusafishwa kila mara. Sikumwambia. Nilidhani ndege wachache kwenye roshani moja si kitu.

"Kwa hiyo alizeti yangu inaua," alisema.

"Sahani iondoke, mama. Leo."

"Na Mzee?"

Mzee Anselmo alikuwa palepale dirishani, kidole juu, akimwelekeza yule mgonjwa.

"Yule," alisema.

"Tuiache mpaka mwezi wa tatu," Mama Leokadia alisema kwa sauti ya chini. "Giza la baridi lipungue kwanza. Sasa hivi hana kingine."

"Kila siku unayoiacha, wengine wanaambukizwa."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na minne."

"Haya. Uliileta wewe, kesho asubuhi uje uitoe wewe. Mikono yangu haimnyang'anyi mtu chakula. Halafu usikimbilie treni. Ukae umwangalie Mzee."

Nilifika kesho yake kulipoanza kupambazuka, mvua nyembamba ikinyesha. Mama Leokadia alikuwa ameshakigeuza kiti cha Mzee kuelekea televisheni na kuiwasha kwa sauti kubwa. Nilitoka nje kwenye roshani, nikafungua skrubu nne, nikafagia maganda. Nyuma ya chungu cha maua nilikuta chiriku wawili wamekufa, wepesi kama karatasi. Nikawatia kwenye mfuko pamoja na sahani.

Niliporudi ndani, Mzee Anselmo alikuwa anasukuma sakafu kwa mguu wake mzima. Kiti kiligeuka kidogo, kikasimama, kikageuka tena. Nilipiga hatua kumsaidia, Mama Leokadia akanishika mkono. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika kwenye kioo, chiriku watatu walitua kwenye chuma cha roshani, wakatazama huku na huku, wakaruka kuelekea kwenye misonobari. Mzee hakuinua kidole. Mama Leokadia akazima televisheni, akaenda kukoroga uji.